Dawa za akili kwa mzee: namna ya kuzisimamia ukiwa unamuuguza nyumbani

Mama alianza kukosa usingizi na kufoka ovyo usiku, akaandikiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza akili iliyovurugika. Usingizi ulikuja. Wiki tatu baadaye mikono ikaanza kutetemeka, na akawa anatembea kwa hatua fupi fupi kama mtu anayeburuza ndala zilizomzidi ukubwa. Daktari mwingine, ambaye hakuwa na habari ya mwanzo, aliona mtetemeko akaandika benzeksoli, dawa ya kupunguza kutetemeka. Mtetemeko ukapungua. Ila sasa mdomo ulimkauka mpaka ulimi unagota kwenye kaakaa akizungumza, choo kikafunga siku tano, na jioni moja akaniomba niwafukuze watoto waliokaa juu ya kabati. Tuliporudi hospitali, haloperidoli ikaongezwa.

Aliyekata mnyororo ule hakuwa bingwa. Alikuwa binti wa duka la dawa aliyeshika karatasi zangu mbili, akazitazama, akaniuliza: "Kaka, kati ya hizi ipi ilitangulia?"

Mwongozo huu wote umezaliwa na swali hilo. Kwa kijana wa miaka 25, dalili mpya mara nyingi ni ugonjwa mpya. Kwa mtu wa miaka 75 anayemeza dawa sita kwa siku, dalili mpya ishukiwe kwanza kuwa ni dawa, hadi ithibitike vinginevyo. Hatua zilizo hapa chini hazichukui nafasi ya daktari, na hakuna hata moja inayokuruhusu kuanza au kukatiza dawa kwa uamuzi wako. Zinakusaidia kumpelekea daktari kile ambacho dakika kumi za chumba chake haziwezi kumwonyesha.

Hatua ya 1: Mwaga dawa zote mezani

Usimuulize mzee anatumia dawa gani. Zitafute. Fungua droo, mkoba, mfuko wa koti, chini ya mto. Kusanya za presha na za sukari, matone ya macho, dawa za maji za kikohozi, za mitishamba, na vile vidonge alivyopewa na jirani "vinavyoleta usingizi".

Kwa kila dawa andika daftarini jina lake halisi, si lile la kibiashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. La kweli mara nyingi limejificha chini yake kwa herufi ndogo. Andika miligramu, mara ngapi kwa siku na saa ngapi, nani aliiandika, lini, na kwa ajili ya nini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayofichua mambo. Sisi tulikuta boksi mbili za rangi tofauti, moja ya ganzi ya miguu, nyingine ya usingizi. Zote mbili zilikuwa amitriptilini.

Kisha chora mstari mmoja mrefu wa miezi. Juu yake weka tarehe kila dawa ilipoanza, ilipoongezwa au ilipobadilishiwa saa. Chini yake weka tarehe kila dalili ilipojitokeza. Mstari huo una thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Hatua ya 2: Jiulize, mabadiliko yamekuja ghafla au polepole?

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa hiyo tusiharakishe.

Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi na leo hajui alipo hajapata ugonjwa wa kusahau kwa usiku mmoja. Huko ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, madaktari wanaita deliriamu, na ni dharura ya mwili wala si ya akili. Huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka: asubuhi anakutambua, magharibi anakuita kwa jina la kaka yake aliyefariki. Chanzo huwa maambukizi ya mkojo au mapafu, kukaukiwa maji, choo kilichofunga, mkojo ulioziba, sukari iliyoshuka, au dawa iliyoongezwa wiki hiyo. Dawa iliyokatizwa ghafla nayo huleta hali hiyo hiyo, hasa za usingizi.

Kuna kipimo kidogo unachoweza kukifanya ukiwa umekaa naye. Mwombe ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba. Anayefika Juni bila kukosea, umakini wake haujavurugika sana. Anayepotea kwenye Novemba kisha akaanza kuokota nyuzi za shuka kwa vidole, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. (Kama hakuwahi kuzoea miezi kwa majina, tumia siku za wiki. Usimpime mtu kwa shule ambayo hakusoma.)

Wengi wanaijua deliriamu ya kelele na kurukaruka. Inayopitwa zaidi ni ile ya kimya: mzee analala mchana kutwa, anajibu neno moja moja, na nyumba nzima inashukuru kwamba leo ametulia.

Ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, huja kwa miezi na miaka, na kwa kawaida hauondoi umakini mapema kiasi hicho. Sonona hukaa katikati, kwa wiki kadhaa. Mzee mwenye sonona ni nadra akuambie ana huzuni. Atakuambia kichwa, tumbo, viungo, "nguvu zimeniishia", "mimi ni mzigo tu kwenu". Chakula kinarudi jikoni, redio haifunguliwi tena, anaamka saa tisa usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda. Watu humwambia ni uzee. Uzee hauondoi hamu ya kusikia sauti ya mjukuu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 14 katika kila 100 wenye miaka 60 na zaidi wanaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba zaidi ya robo ya vifo vya kujiua duniani ni vya umri huo. Kwa hiyo uliza, kwa lugha ya nyumbani: "Mama, kuna wakati unatamani usiamke tena?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, humpunguzia upweke wa kulibeba peke yake. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, mfikishe kwa mtaalamu siku hiyo, na dawa zote zihamie kwenye kabati lenye kufuli. Amitriptilini, na lithiamu (dawa ya bipola, ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi), zikimezwa nyingi kwa mkupuo huua.

Hatua ya 3: Tafuta kilicho nyuma ya tabia kabla ya kutafuta kidonge

Mzee asiyeweza kueleza maumivu huyaeleza kwa mikono na sauti: anapiga, anakataa kuvishwa, anapiga kelele akigeuzwa. Nchini Norway, watafiti waliwafuatilia wazee 352 wenye dimensia iliyokolea na fadhaa katika nyumba za wazee, wakatibu maumivu ya kundi moja kwa utaratibu maalumu kwa wiki nane, wengi wao kwa parasetamoli tu. Fadhaa ilipungua wazi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na bado wapo wanaoanza na sindano ya kutuliza.

Kagua meno, vidonda vya mgongo, kucha za miguu, choo, kibofu. Kagua masikio: nta iliyoziba inaweza kumfanya mtu aonekane amepoteza akili au anadhani anasengenywa. Kagua miwani. Omba vipimo vya damu vya tezi la shingo na vitamini B12, kwa sababu upungufu wa homoni ya tezi hilo au wa vitamini hiyo huiga sonona na usahaulifu. Na angalia usingizi wa mchana kabla hujalalamikia wa usiku.

Kwa sonona na wasiwasi, tiba ya mazungumzo inafanya kazi uzeeni kama inavyofanya ujanani. Wazo kwamba mzee "hawezi kubadilika" ni uvivu wetu sisi.

Hatua ya 4: Elewa kwa nini mwili wa mzee si mwili wa kijana

Figo hupunguza kasi ya kuchuja, damu inayopita kwenye ini hupungua, maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka. Dawa zinazopenda mafuta hujificha humo. Chukua diazepamu: kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa huondoka mwilini kwa saa 20 hivi, kwa mtu wa miaka 80 huweza kuchukua saa 90. Maana yake, kidonge cha Jumatatu usiku, nusu yake bado imo Ijumaa mchana, na kila siku kati ya hizo umeongeza kingine juu yake. Wiki ya pili mzee anaanguka, na watu wanasema lakini dawa hii alishaizoea.

Figo nazo zina mtego wake. Kipimo cha kreatinini, taka ya misuli ambayo figo huiondoa, kinaweza kuonekana kizuri kwa mzee aliyekonda, kwa kuwa misuli yake inaizalisha kidogo. Omba daktari akokotoe uwezo wa figo kwa kuzingatia umri, asitazame namba hiyo moja.

Kanuni ya waganga wa wazee ni fupi: anza kidogo, panda polepole. Mara nyingi dozi ya kuanzia ni nusu ya ile ya mtu mzima au chini ya hapo. Watu husahau nusu ya pili ya kanuni, kwamba polepole bado ni kupanda. Mzee aliyeachwa mwaka mzima kwenye dozi isiyofanya kazi anabeba madhara bila faida.

Hatua ya 5: Ijue dawa uliyopewa iko kundi gani

Dawa za sonona za kundi la fluoksetini, setralini na sitalopramu ndizo huanza kutolewa mara nyingi. Hazina haraka: subiri wiki nne hadi sita, na uzeeni hata nane na zaidi, kabla ya kusema zimeshindwa. Wakati huo angalia vitu viwili. Kwanza sodiamu, yaani chumvi ya damu, ambayo huweza kushuka katika wiki za mwanzo, zaidi kwa anayemeza pia dawa ya kukojosha. Dalili zake ni kichefuchefu, uzito wa kichwa, kuyumba na kuchanganyikiwa. Omba ipimwe baada ya wiki mbili hadi nne. Pili damu: zikikutana na aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, hatari ya kutoka damu tumboni hupanda. Choo cheusi kama lami ni safari ya hospitali. Sitalopramu ina ukomo wake, miligramu 20 kwa siku kwa aliyepita miaka 60, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Na anayetibu maumivu yake akitaka kuongeza tramadoli, dawa kali ya maumivu, mwambie kwanza kuna dawa ya sonona.

Amitriptilini ni dawa nzuri iliyo katika kundi baya kwa wazee: dawa zinazokausha. Wamo humo benzeksoli, klorpromazini, baadhi ya dawa za kibofu, na klofeniramini ya mafua ambayo watu huinunua bila kufikiri. Kila moja peke yake inaweza kuvumilika. Zikijumlishwa mdomo unakauka, macho yanafifia, choo kinafunga, mkojo unaziba, na akili inavurugika. Ndiyo maana zimo kwenye orodha ya Beers, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1991 na Mark Beers, ya dawa ambazo wazee waepushwe nazo inapowezekana. Ukiona mbili za kundi hili mezani, hilo ndilo swali lako la kwanza kwa mfamasia.

Za usingizi na wasiwasi, jamii ya diazepamu, lorazepamu na zolpidemu, nina chuki nazo na sitaificha. Usiku mzee anaamka kwenda chooni, miguu haijaamka naye, na mfupa wa nyonga unavunjika. Zina kazi zake, kwa mfano kumtoa mtu kwenye pombe au degedege. Usingizi wa kila siku wa miaka mitano si mojawapo.

Haloperidoli, risperidoni, olanzapini na ndugu zao zinahitaji tahadhari ya pekee kwa mwenye dimensia. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo zito kuhusu zile mpya za kundi hili: katika majaribio ya takriban wiki kumi, walifariki karibu 4.5 kati ya wazee 100 waliozimeza, dhidi ya 2.6 kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 onyo likapanuliwa kwa zile za zamani. Hilo halina maana zisitumike kabisa. Mtu anayetaka kuruka dirishani anahitaji msaada leo. Maana yake ni dozi ndogo kabisa, kwa sababu iliyoandikwa, yenye tarehe ya kupitiwa. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unataka ipitiwe angalau kila wiki sita. Mzee mwenye Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa), au dimensia inayokuja na ukakamavu na maono ya waziwazi, anaweza kuumizwa vibaya na haloperidoli hata kwa dozi ndogo. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa ni dharura.

Wengine wanatumia kundi hili kwa skizofrenia tangu ujanani. Hao wasikatiziwe kwa sababu ya onyo la dimensia. Jambo moja linalowapata bila kutegemea: mvutaji anayemeza klozapini au olanzapini akiacha sigara ghafla, mathalani akilazwa, kiwango cha dawa hupanda kwenye damu. Mwambie daktari kabla.

Lithiamu ni dawa ya zamani na inaokoa maisha, lakini njia yake ni nyembamba. Wazee wengi huwekwa chini kidogo ya kiwango cha vijana, mara nyingi kati ya milimoli 0.4 na 0.8 kwa lita, na damu huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ikichukuliwa mapema namba inadanganya. Ibuprofeni, diklofenaki, dawa nyingi za kukojosha, na dawa za presha kama enalaprili na lisinoprili huipandisha. Kuharisha au kutapika nako huipandisha. Mtetemeko mkubwa, ulimi mzito, kuyumba kama mlevi: usimpe dozi inayofuata kabla hujaongea na daktari, na nenda akapimwe damu.

Hatua ya 6: Umezaji wa kila siku

Tumia kiboksi cha siku saba, na kijazwe na mtu mmoja tu, siku ileile ya wiki. Sisi tulikuwa wawili, mimi na dada, na kwa wiki mbili mama alimeza dozi mbili za asubuhi.

Vidonge vinavyoachia dawa taratibu visisagwe wala kutafunwa. Mfamasia atakuambia kama ipo ya maji. Amezee akiwa ameketi wima, na abaki hivyo nusu saa.

Dawa nyingi za akili hushusha presha mtu akisimama. Ipime akiwa amelala dakika tano, kisha dakika ya kwanza na ya tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, iandike na uipeleke. Mpaka ipate ufumbuzi, aketi ukingoni mwa kitanda ahesabu hadi thelathini kabla ya kuinuka.

Na usimfiche dawa ndani ya chakula. Akigundua, na hugundua, atakataa dawa na chakula vyote. Anayekataa kidonge ana sababu: kikubwa, kichungu, kinamlevya, au hakuelezwa ni cha nini. Kama kweli hawezi tena kuamua, uamuzi huo uzungumzwe wazi na daktari na familia, uandikwe.

Hatua ya 7: Chumba cha daktari

Nenda na daftari. Mwache mzee ajibu kwanza, hata akichelewa. Wewe jaza palipobaki. Kisha uliza: dawa hii ni ya dalili gani, tutajuaje imefanya kazi, tutajua lini, inagongana na ipi kati ya hizi, na itakoma lini? Dawa ya sonona ikimponya, kwa kawaida huendelea miezi 6 hadi 12 au zaidi baada ya kupona, basi tarehe ipo. Daktari akitaja dalili mpya na dawa mpya katika pumzi moja, fungua ule mstari wa miezi na uuweke mbele yake. Sijaona daktari aliyekasirika kwa hilo.

Hatua ya 8: Kupunguza

Moja kwa wakati mmoja, na kwa mpango wa daktari. Za usingizi zilizotumika muda mrefu zikikatwa ghafla huleta degedege na deliriamu, kwa hiyo mara nyingi hupunguzwa sehemu ya kumi hivi ya dozi kila wiki mbili hadi nne, na mwisho wa safari huenda polepole zaidi kuliko mwanzo. Usiku mbaya mbili tatu baada ya kila punguzo zinatarajiwa. Si ushahidi kwamba dawa ilihitajika. Mzee mwenyewe awe dereva: huko Quebec, Kanada, wazee waliopewa kijitabu kinachoeleza hatari za dawa hizo na ratiba ya kuziacha, 27 kati ya 100 walikuwa wameziacha baada ya miezi sita, wakati kwa wasiopewa walikuwa 5. Hayo yalichapishwa mwaka 2014.

Kwa mama, daktari alipunguza haloperidoli kwa nusu, na wiki iliyofuata akaanza kuishusha benzeksoli. Watoto wa juu ya kabati waliondoka siku chache baada ya benzeksoli kuguswa. Choo kikarudi. Mwendo ulichukua miezi miwili.

Likabaki la usingizi, lile la mwanzo kabisa. Nikarudi kwenye mstari wa miezi, nikasogea kushoto kupita haloperidoli. Siku nane kabla ya usiku wa kwanza wa kufoka kulikuwa na alama niliyoichora mwenyewe bila kuifikiria: dawa ya kukojosha, ya presha, ilihamishwa kutoka asubuhi kwenda jioni ili asisahau. Alikuwa anaamka mara tano kwenda chooni, na kila mara tukimrudisha kitandani kwa nguvu.

Tulimuuliza daktari, tukairudisha asubuhi.